Mjomba Wangu wa Yoti Iliyozama

Ucheke ukimaliza kusikia, si sasa, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata bia.

Ilikuwa Guangzhou, mwaka 2009, polisi wanakagua paspoti mitaa yetu Waafrika, kuanzia Xiaobei mpaka Sanyuanli. Nilikuwa mwanafunzi, naandika historia ya yoti ya mvuke, chombo cha starehe cha matajiri, iliyozama Mto Lulu enzi za babu zetu. Profesa alishanionya: nisipomweleza ilizamaje kufikia Ijumaa, barua ya kuongezewa viza sipati. Bila barua, narudi Morogoro mikono mitupu. Niliogopa, sikufichi.

Alhamisi nipo kwenye chumba cha kusomea nyaraka, nimeinamia taarifa ya nahodha. Kaandika: dhoruba. Mara pembeni yangu nasikia Kiswahili: "Mwongo huyo!"

Kugeuka, mzee wa kwetu, maji yanamchuruzika, vidole vyeusi kwa makaa. Wewe ungefanyaje? Mimi adabu ilinitangulia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Dhoruba ya wapi? Wageni walilewa, zikarushwa fataki, wote wakakimbilia upande mmoja kutazama. Chombo kikapinduka. Sisi watia makaa tuko chini, nani atukumbuke?"

Akanifunulia orodha ya mizigo: fataki, makreti tisa. Haki ya Mungu, niliandika mpaka mkono ukauma. Viza hiyo!

Ndipo wakaingia polisi wawili.

"Mzee, una paspoti?" nikamnong'oneza.

"Ingekuwepo, ingelowa."

Sasa, pale Guangzhou humwachi Mswahili mwenzako mikononi mwa polisi. Nikasimama kifua mbele: "Huyu ni mjomba wangu. Paspoti yake iko uhamiaji."

Afisa akatazama kiti. "Meiyou!" Hakuna mtu. Lakini dimbwi la maji lipo, na alama za vidole vya makaa zimejaa kwenye nyaraka. Wakaamua mjomba katoroka, na mimi ndiye niliyemficha.

Nilihojiwa siku mbili. Mjomba yuko wapi? Nilipochoka nikasema ukweli: alizama mtoni. Loo! Wakafungua jalada la pili.

Ijumaa ikapita nikiwa ndani. Barua ikaenda, na shahada nayo ikaenda. Leo nauza vipuri vya pikipiki Morogoro, na kila nikiomba viza ya China naulizwa kama mjomba alipatikana.

Kwa hiyo mwanao akienda kusoma ughaibuni, mwambie undugu una mipaka. Mzee asiyemjua amwamkie, amsikilize, hata amnunulie tambi. Mbele ya polisi, amkane.