Oili Chafu Chumbani kwa Mzazi

Mpaka leo nikipita gereji nikanusa oili chafu, nageuza njia. Mimi ndiye niliyeipaka juu ya kitanda cha mwanangu.

Mchwa wa Kilosa hawana adabu. Walimaliza fremu ya mlango, wakahamia kwenye kenchi za paa. Mke wangu alipokaribia kujifungua, niliona haya mama mkwe aje kutoka Mikumi kumwuguza mzazi, akute paa linawamwagia vumbi. Nikaenda gereji moja Dumila, nikapewa galoni ya oili chafu ya kufukuzia mchwa. Jirani akanishauri niichanganye na dawa ya pamba, ile sumu ya wadudu wa shambani. Nikatia chupa nzima. Chumba hakikuwa na dari. Nikapaka kenchi zote, nikashuka nikijisifu kama fundi.

Kwetu mzazi hatoki mpaka arobaini. Dirisha linafungwa upepo usiingie, na jiko la mkaa halizimwi kwa ajili ya maji ya kumkanda. Nami mkwe sikanyagi chumba anacholala mama mkwe. Salamu natolea uani.

Siku ya tano baada ya mtoto kuzaliwa, harufu ilinifuata hadi hapo uani. Joto la bati na la jiko lilikuwa linaiyeyusha kazi yangu.

"Shikamoo mama. Mtoto hajambo?"

"Marahaba, baba. Anakohoa. Ni huu upepo tu, nimeshaziba na ule mwanya wa dirisha kwa kanga."

Kumkosoa mama mkwe ni utovu wa adabu, na kumwambia nimewapaka sumu ni aibu. Nikanyamaza siku mbili nzima. Najichukia kwa siku hizo mbili.

Siku ya saba mke wangu alinipa neti mlangoni nikaifue. Juu ilikuwa na madoa meusi yanayonata, nzi wamekufa wamegandia humo. Tone moja lilikuwa limepenya.

"Lilimwangukia wapi?"

"Mdomoni. Nilimpangusa kwa kidole, nikampa ziwa."

Niliingia. Mama mkwe, kanga moja kifuani, alipiga ukelele akajifunika uso. Nikamnyakua mtoto, nikakimbia naye zahanati. Mama mkwe akatufuata pekupeku.

Muuguzi alimnusa mtoto kabla ya kumpima, akakunja uso.

"Nani kamfungia mtoto mchanga kwenye harufu hii?"

"Mimi," mama mkwe akasema, akilia. "Mimi ndiye niliyeziba dirisha."

Habari ya dawa ya pamba nilimnong'oneza muuguzi pembeni, mama mkwe asisikie.

Mtoto alihamishiwa chumba kingine, akakohoa wiki tatu, akapona. Kenchi nilizing'oa, mama mkwe akiwa amesharudi Mikumi. Mwaka jana tulipata mtoto wa pili, nikampigia mama mkwe simu aje kumlea mzazi. Alikataa. Alisema mikono yake ina mkosi, asije akatuulia na huyu. Nikamwambia, "Haya mama, pumzika."