Swali la Mwanga Unaopita

Mwaka ule nilikuwa mwalimu pekee wa fizikia katika shule yetu, upande wa Natta. Kila Jumamosi nilisafiri hadi Turwa kumwangalia mama, ambaye presha ya macho ilikuwa imempofusha. Uchovu ulikuwa umeniingia hadi kwenye sauti.

Alhamisi moja, kipindi cha mwisho, msichana wa kidato cha tatu alisimama akauliza kama inawezekana kujua mwanga unapita bila mwanga huo kugusa kitu chochote. Nilimwambia akae, swali hilo haliji kwenye mtihani. Wenzake wakacheka. Akakaa, akafunga daftari, wala hakuandika tena.

Usiku ule nilijilaumu. Asubuhi nikalipeleka darasa kwenye stoo ya majembe, ambayo bati lake lina tundu la msumari. Tulipofunga mlango tuliona doa la jua sakafuni, lakini kati ya tundu na sakafu ni giza tu. Nikagonganisha dasta mbili. Vumbi la chaki lilipopanda, mstari mweupe ukatokea kutoka juu hadi chini.

Nikawaeleza kwamba vumbi ndilo lililoutupa mwanga machoni mwetu, na kwamba jicho nalo ni kitu. Mwanga ukiingia humo ndio mwisho wake. Wako wataalamu wanaoweza kuutambua bila kuumaliza, lakini hata vyombo vyao lazima viguswe na mwanga huo, japo kidogo sana.

"Kwa hiyo mwanga usipogusa kitu, hakuna anayejua kama umepita?" msichana akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Na jana nilikukosea."

Aliitikia kwa kichwa, akafungua daftari.

Kesho yake nilifika Turwa mchana, miguu imevimba kwa safari. Nilimwamkia mama shikamoo, akaniuliza kwa Kikurya wiki yangu ilikuwaje. Nikamsimulia habari ya stoo, nikitarajia angechoka kusikiliza. Alikuwa ameketi karibu na dirisha. Akageuza kiganja juu ya goti.

"Mimi mwanga unanigusa hapa," alisema. "Ikifika saa kumi unahamia begani. Ndivyo ninavyojua muda wa kuuliza kama ng'ombe wamerudi."

Miezi yote ile nilidhani anakaa katika giza tupu. Sikuwahi kumuuliza. Nikavua viatu, nikakaa sakafuni kando ya kiti chake, na usingizi ukanichukua.