Karani Asiyekosea

"Karatasi yenye kosa haitoki mezani kwangu." Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, na kwa miaka kumi na minane hakuivunja hata mara moja. Wenzake walimbandika jina la Nukta. Walikuwa wanamdhihaki, yeye akalivaa kama nishani.

Enzi hizo nchi ilikuwa inachemka. Watu waligoma kazi, waligomea kodi, walikutana kwa siri kudai uhuru wao. Nukta alisema siasa ni ya wasio na shughuli, akaendelea kupima pambizo zake kwa rula. Mdogo wake, fundi viatu, alipitisha barua za chama ndani ya soli alizoshona. Nukta alijua, akanyamaza. Huo ndio ulikuwa mchango wake wote katika ukombozi wa taifa.

Asubuhi moja mkuu wa wilaya, mkoloni mwenye mwandiko kama kuku kaparura, alimtupia orodha ya watu wa kukamatwa. Jina la saba lilikuwa la mdogo wake. Nukta akaweka rula chini ya jina. Kisha akaona anwani: nyumba namba 61. Mdogo wake alikaa namba 16, na mtaa ule uliishia nyumba ya arobaini. Askari wangezunguka mpaka viatu vyao viishe, na fundi angekwisha vuka mpaka.

Kazi ya kuokoa ndugu ilikuwa rahisi kuliko zote: anakili kilichoandikwa. Lakini vidole vyenye mazoea havikungoja ruhusa. Vikapiga 16. Aliposoma mara ya pili, kama kawaida yake, aliiona. Kuirudisha 61 kungetaka kufuta, na kufuta kungeacha doa. Akaipeleka.

"Ungezaliwa kwetu, ungefika mbali," bwana mkubwa alimwambia.

Nukta akashukuru.

Bendera ilipobadilishwa, alisimama mstari wa mbele, tai mpya shingoni, akipiga makofi kama mtu aliyetoka msituni jana. Mashine yake haikuhamishwa hata meza. Wiki ile ile mdogo wake, aliyeachiwa baada ya miaka minne, akaja kuomba cheti cha kuthibitisha kifungo chake. Nukta akalitoa faili kwa madaha. Ile orodha ya mkono na nakala ya chapa zilikuwa zimebanwa pamoja.

Mdogo wake akazilinganisha, jina kwa jina.

"Kaka, huyu aliandika sitini na moja."

"Yule bwana mwandiko wake ulikuwa ovyo sana."

"Na hii kumi na sita ni ya nani?"

Nukta akanyoosha tai. "Mtaa wenu hauna nyumba ya sitini na moja, mdogo wangu. Ningeiachaje?"

"Ungeiacha hivyo hivyo."

"Lilikuwa kosa."

"Serikali ile ilinitendea jema moja tu, kaka, tena bila kukusudia. Nawe ukalisahihisha."

Nukta akapiga chapa cheti. Hakikuwa na kosa.

Sheria yake ilimgharimu mdogo wake miaka minne ya kuvunja mawe gerezani, vidole vitatu vya mkono wa kulia, na ufundi wa viatu. Nukta mwenyewe ilimgharimu ndugu: tangu siku hiyo fundi hakukanyaga tena mlangoni kwake, wala hakuja kumzika.