Neno la Kumkaribisha Mgeni

Ndugu wasomaji, nichekeni tu, maana Kwaluguru nzima imeshanicheka. Nilikuwa nimetoka Roma kwenye mafunzo ya ushirika, na kwa wiki moja ile nikajifanya mwenyeji. Bwana shamba wetu, Mhina, alipoteuliwa naye kwenda, nikampa nasaha. "Kwanza katazame magofu ya kale, kisha uvuke mto kwa miguu. Njaa ikikushika, tafuta hoteli iliyoandikwa CHIUSO mlangoni, yaani karibu. Jumapili wanaandika hivyo karibu kila mlango. Ila usubiri sana, wapishi wa kule hawana haraka."

Juzi fundi Mwitaliano aliletwa kutuchimbia kisima. Mwenyekiti wa kijiji aliniomba neno la kumpokea, nami nikaliandika kwa rangi nyekundu juu ya lango la matawi. Ngoma zikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Landrova ikafika langoni, mgeni akasoma, akamwashiria dereva ageuze.

Mkalimani akashuka mbio. "Shikamoo, mzee mwenyekiti. Mgeni anauliza, kwa kuwa mmeandika langoni kwamba leo pamefungwa, arudi lini?"

Watu wote wakanigeukia. Mhina alikuwa ameshakaa chini kwa kicheko.

"Mwalimu," alisema akifuta machozi, "kwa hiyo Roma ulikula nini?"