Siku Niliyosoma Kifo cha Mwalimu Ramazani Mbele Yake

Aibu hii afazali niitoe mimi mwenyewe, maana walioiona wangali hapa Kindu, na kila mumoja anaiongezea chumvi yake. Wakati wa vita nilikuwa mwandishi wa gazeti (gazeti gani, karatasi mbili tu, lakini nilitembea mitaa ya Kasuku kifua mbele kama waziri). Mukubwa wangu akaniambia niende Punia, vijiji vimeshambuliwa, nilete habari. Barabara ya Punia munaijua, matope na watu wa bunduki. Mimi, kwa uvivu na woga, nikaishia sokoni, nikauliza mama mumoja aliyekimbia huko, akaniambia amesikia kwamba Mwalimu Ramazani, muntu wa kwetu aliyekuwa anafundisha Punia, ameuawa. Amesikia tu. Mimi nikaandika kwamba nilimuona kwa macho yangu, nikamutungia na maneno ya mwisho, marefu, matamu, hakuna muntu anayekata roho akisema vile.

Gazeti likatoka. Bibi yake, Mama Zaina, akanyoa nywele kama mujane, matanga yakawekwa, na mimi mupumbavu nikaenda kukaa mbele pamoja na wazee. Siku ya tatu wakaniomba niwasomee ile habari. Nikasimama, nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya huzuni, na nilipofika kwenye maneno ya mwisho nikaona watu hawaniangalii tena, wanaangalia nyuma yangu. Kugeuka, Mwalimu Ramazani njo huyo, miguu imevimba, ametembea porini siku nyingi.

"Soma tu," akasema polepole. "Nataka nisikie nilisema nini."

Nikataka kukunja karatasi.

"Soma," Mama Zaina naye akaniambia, machozi yakimutoka. "Si ulikuwako?"

Nikasoma, ndugu zangu, mpaka nukta ya mwisho, na hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Kisha mwalimu akachukua ile karatasi, akaichomoa kalamu kwenye mufuko wa shati yangu, akasahihisha makosa ya lugha kama daftari ya mwanafunzi, akanirudishia.

"Wanafunzi wangu wawili njo walikufa," akasema. "Hao hukuwaandika hata jina."

Leo vijana wanatangaza vifo kwa simu wangali kitandani, eti nao ni wandishi. Nawadharau, lakini njo mimi yule yule. Kwa hiyo nilijiapiza: sitaandika tena kwamba muntu amekufa kabla sijazungumuza na aliyemuosha.