Mashimo Tisa Chini ya Kilima

Baba yangu alitoroka nyumbani mara nne katika mwezi mmoja, na mara zote nne alipatikana mahali pamoja: kwenye uzio wa mgodi, nje kidogo ya Kolwezi, akitafuta mlango wa kuingilia kazini. Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha zamani. Kwa miaka mingi tata, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa mtunzaji wa kiwanja cha gofu cha kampuni ya zamani, kile walichochezea mainjinia siku za Jumapili, na kiwanja hicho sasa kiko chini ya kilima cha mawe na udongo ambao mgodi hauna haja nao. Kilima hicho ni kirefu kuliko kanisa letu. Daktari alituambia kwamba kichwa cha tata kinaachia mambo ya jana na kushika ya zamani. Kuhusu miguu hakusema kitu, lakini miguu ndiyo iliyokuwa inaijua njia.

Walinzi wa uzio hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alikuwa na namba yangu.

"Mama, tata yako iko huku tena. Leo alikuya na gamela yake ya bukari."

Gamela ni bakuli lake la bati, alilobebea bukari, ugali wetu, siku za kazi. Lakini walinzi hubadilishwa, wengine wana mbwa, na malori ya mgodi yanayopita pale ni makubwa kiasi kwamba dereva hawezi kumwona mzee mfupi mwenye kofia. Nilikuwa naogopa, na sioni haya kusema hivyo. Simu ikilia ofisini, nilikuwa nimekwisha kusimama kabla sijaangalia ni nani anayepiga.

Mimi pia si mtu wa kutulia. Marehemu mama alikuwa akilalamika kwamba ameolewa na siafu akazaa siafu. Kazi yangu ni kuchora plani katika ofisi ndogo inayohudumia migodi: mchana kutwa nakaa mbele ya kompyuta nikichora miinuko, barabara za malori, mashimo na vilima. Nikirudi nyumbani nafagia palipokwisha kufagiliwa, nahamisha viti, nafungua dirisha na kulifunga. Mwenzangu wa ofisini, aliyechoshwa na mguu wangu unaotikisa meza yetu, ndiye aliyenipa mchezo wa gofu wa kompyuta.

"Cheza hii," akasema, "utulize ule muguu."

Kucheza kulinishinda siku ya kwanza. Lakini ndani ya mchezo mlikuwa na sehemu ya kujenga kiwanja chako mwenyewe. Unainua ardhi, unaishusha, unapanda nyasi, unamwaga mchanga, unachimba shimo na kusimika bendera. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, ila bila bosi. Hapo wazo likanijia. Nimjengee tata kiwanja chake. Akiwa nacho pale sebuleni, uzioni atakwenda kutafuta nini?

Nilijiona mwerevu sana.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa aibu. Nilikijenga kama vile vya televisheni, nyasi kijani kila mahali na bwawa katikati. Tata alivaa miwani, akasogeza kiti, akatazama muda mrefu.

"Hii ni wapi?"

"Ni golfu yenu, tata."

"Wapi! Majani gani hii? Huku kwetu, jua ikikala miezi mingi, majani inakufaka yote. Ku mashimo tulikuwa tunawekaka muchanga. Muchanga mweusi, wa mafuta ya vidanji."

Sikuwa najua. Nimekulia kwenye mshahara wa kiwanja kile, na sikuwahi kumuuliza alikuwa anafanya nini pale. Kumbe mduara wa kila shimo ulikuwa mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya malori, yale yanayomwagwa gereji, ili upepo usiupeperushe. Wachezaji wakipita wanaacha nyayo. Nyuma yao anakuja tata na bomba la chuma lenye mpini mrefu, analiita rakleti, anaanzia kwenye shimo na kuliburuta akizunguka kwenda nje, kama mtu anayemenya chungwa, mpaka mchanga unakuwa laini kama meza.

Basi tukaanza upya. Kila jioni kabla ya bukari tulikaa wawili, yeye akisema, mimi nikijenga. Nilibadili rangi ya mchanga ikawa nyeusi. Nilitoa bwawa. Kwenye shimo la nne aliniamuru niweke kichuguu, kikubwa, tena mbele kabisa ya njia ya mpira, kwa sababu mainjinia walitaka kibomolewe na wafanyakazi wakakataa katakata.

"Juu ya nini mulikataa, tata?"

"Ilikuwa na kivuli. Tungekulia wapi?"

Miinuko ya ardhi sikuhitaji kuulizia. Ofisini tulikuwa na plani ya zamani ya eneo lile, kabla ya kilima. Niliijua plani hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, na hapa niseme jambo ambalo tata sikuwahi kumwambia. Kilima kile nilikichora mimi. Nilikuwa mgeni kazini, nikapewa karatasi na kuambiwa: udongo wa mgodi utamwagwa hapa, chora mpaka wake. Niliona pale imeandikwa golfu. Nikachora. Tata alikuwa bado mzima wa akili wakati huo, na jioni yake alikuwa akitangaza mtaa mzima kwamba mtoto wake anachora plani za kampuni.

Jumamosi tukamaliza. Nilimpitisha kwenye mashimo yote tisa, polepole, mpaka la mwisho, lililokuwa karibu na kibanda walichohifadhia mapipa ya mafuta. Tata akanyoosha kidole akagusa kioo.

"Njo yenyewe," akasema, yaani ndiyo hiyo hasa.

Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kwa furaha, halafu nikasonga bukari nyingi kuliko tuliyoweza kula. Jumapili nzima tata alikaa. Alikuwa mtulivu, anapangapanga vitu vyake uani, nami nikasema, asante Mungu, tumepona.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, simu.

"Mama, kuya mbio. Tata yako iko na makelele huku. Anasema alipata oda ya kazi."

Nilichukua pikipiki na sikumbuki njia. Nilimkuta amenyoa ndevu, amevaa koti, gamela chini ya kwapa. Mkononi alikuwa na rakleti. Kumbe ndiyo aliyokuwa akiitengeneza Jumapili uani, kwa kipande cha bomba na mpini wa ufagio wangu, na mimi nikamshukuru Mungu kwa utulivu wake. Mkono wa koti ulikuwa umechanika begani. Mlinzi alikuwa amemvuta kwa nguvu, lori likiwa limefika karibu naye hatua moja.

Nilimfokea baba yangu mbele ya watu.

"Tata, golfu haiko! Haiko tena! Angalia kilima!"

Hakukitazama kilima. Alinitazama mimi, kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Iko. Niliiona ku plani. Ni we mwenye ulichora."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Tata ni mtu wa kampuni ya zamani. Kule hata jiwe halikuhamishwa bila plani, na kilichochorwa kilijengwa, ukipenda usipende. Mimi nilidhani ninampa mchezo wa kupitisha jioni. Yeye alikuwa amekaa na mchoraji wa ofisi, siku baada ya siku, wakarekebisha plani pamoja mpaka ikakamilika, na plani ikikamilika mfanyakazi anakwenda kazini. Angekwenda kesho yake, na keshokutwa. Maneno yangu yasingemzuia. Plani nyingine tu ndiyo ingemzuia.

Siku iliyofuata, kazi ilipokwisha ofisini, nilichora mashimo yote tisa kwenye karatasi kubwa, na kichuguu, na kibanda cha mapipa. Kisha juu yake nikachora kilima, mstari baada ya mstari, kuanzia shimo la kwanza hadi la tisa. Kona ya chini kulia nikaweka kisanduku cha kazi yetu chenye jina la mchoraji. Ilinichukua muda mfupi, maana mistari ile mkono wangu uliizoea.

Niliitandaza mezani nyumbani, nikaweka vikombe kwenye pembe. Tata alivaa miwani. Alisoma jinsi watu wa kampuni wanavyosoma, kwanza kile kisanduku cha kona, halafu ndipo akapanda juu.

"Kilima hii, balisha kuiweka?"

"Balisha, tata. Ilisha kuwekwa zamani."

Alifuata mpaka wa kilima kwa kidole, akauzunguka wote. Akarudi kwenye jina langu.

"Na plani ya kwanza, ile balifanya nayo kazi, nani aliichora?"

Ningeweza kusema sijui. Mwenye kusahau angesahau. Lakini alikuwa ameinua macho, na yalikuwa macho ya zamani, ya tata aliyekuwa akinikagua daftari la shule.

"Ni mi, tata."

Mguu wangu ulikuwa unatikisa meza, vikombe vinalia, nami nashindwa kuuzuia. Akaweka kiganja juu ya goti langu mpaka ukatulia.

"Ulichora muzuri," akasema. "Mustari yako haitetemeke."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa koti lile lililochanika. Kisha akachukua gamela yake akanipa niipeleke jikoni.

"Basi, kazi ilisha kuisha."

Hajarudi uzioni tena. Baada ya majuma mawili yule mlinzi alinipigia kuuliza kama mzee amefariki. Nikamwambia hapana, yuko, anakaa tu. Ndicho nilichokuwa nakitaka, akae, na sasa anakaa kutwa nzima kwenye kiti kimoja barazani, na mimi ndiye ninayeshindwa kukaa. Nimewahi kupanda pikipiki Jumapili mpaka pale uzioni bila sababu, nikasimama, nikarudi. Kiwanja bado kimo ndani ya kompyuta. Tata hakiulizii, nami sikifungui.

Juzi nilichukua ile rakleti nyuma ya mlango nikaiburuta uani, mahali penye mchanga, kuanzia katikati nikizunguka kwenda nje. Nilipoinua macho tata alikuwa ananitazama kutoka barazani.

"Polepole," akasema. "Uinamishe mupini."

Nikainamisha mpini. Bado mchanga ulibaki na matuta. Nilimngoja aje anionyeshe, hata nikamnyooshea mpini. Hakuinuka.