Kibali cha Bahati Nasibu

Mjinga ni mimi: nimemwomba hajati ruhusa ya kuchezesha kamari nyumbani kwake.

Kaka Sefu ana kompyuta za intaneti hapa Mabawa, chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga. Nilimshawishi tuweke michezo ya kasino kwenye kompyuta zake. Akasema, "Sheria hairuhusu hivi hivi, dogo. Mpaka tupate kibali cha bahati nasibu."

Sasa mwenye nyumba wetu anaitwa nani? Bi Bahati binti Nasibu, hajati mwenyewe! Nikashangaa sheria imemjuaje, lakini nyumba si yake?

Nikaenda na sare yangu ya shule. "Shikamoo, bibi. Kaka Sefu anaomba kibali chako cha kasino."

"Marahaba. Kasino ndiyo dude gani?"

"Watu wanaweka hela, gurudumu linazunguka, wengi wanaliwa."

"Kamari? Nyumbani kwangu? Hameni wote, leo hii!"

Sefu akatoka mbio. "We chizi! Nilimaanisha kibali cha serikalini!"

Hata hapo sikuelewa. Nikauliza kama bibi ameajiriwa serikalini.

Mama akafika kutoka uani, mikono imejaa unga, akaninyooshea kidole.

"Bi Bahati, usitufukuze sote. Mfukuze huyu, sisi tubaki."